Ben Hogan: Bingwa aliyeanza mechi akiwa bado bafuni

Jumamosi, Juni 10, 1950. Wachezaji wa gofu waliokuwa wamebaki kwenye mashindano ya U.S. Open walikuwa na kibarua kizito: mashimo 36 kwa siku moja. Raundi nzima asubuhi, raundi nyingine alasiri, katika uwanja wa Merion, nje kidogo ya jiji la Philadelphia, Marekani. Mchezaji wa kawaida siku kama hiyo huamka, hupata kiamsha kinywa, halafu hufika uwanjani na kupiga mipira kadhaa ya kupasha misuli moto. Basi.

Kwa Ben Hogan siku ilikuwa imeanza kitambo. Kabla ya kugusa fimbo yoyote, alikuwa ameloweka miguu kwenye maji moto kwa muda mrefu ili damu ianze kutembea. Kisha akaifunga bandeji za kuvutika kutoka vifundoni hadi mapajani. Hapo ndipo alipoweza kuvaa suruali, kutoka nje na kwenda kupasha misuli kama wenzake. Miezi 16 kabla ya siku hiyo, basi lilikuwa limegongana na gari lake uso kwa uso, na kuna madaktari waliotilia shaka kama angetembea vizuri tena, sembuse kucheza gofu.

Ukimtafuta Hogan leo utapata picha moja maarufu sana. Anaonekana kwa nyuma, fimbo iko juu, umati umejipanga pande zote mbili za nyasi. Ni mkwaju mmoja tu. Lakini jamaa huyu huwezi kumwelewa kwa kuangalia mkwaju. Angalia saa zilizotangulia ule mkwaju, na miaka iliyotangulia zile saa.

Na kabla hujafunga ukurasa ukisema gofu ni mambo ya wadosi, ya kuta ndefu na magari makubwa yanayoingia getini, ngoja kwanza. Stori ya Hogan inaanza kwa mtoto aliyewabebea wadosi mifuko.

Mtoto wa magazeti

William Ben Hogan alizaliwa Agosti 13, 1912, Stephenville, jimbo la Texas. Alilelewa mji wa jirani unaoitwa Dublin. Baba yake, Chester, alikuwa mhunzi, mtu wa kupiga chuma na kutengeneza viatu vya farasi, wakati ambapo magari yalikuwa yanaanza kuiua kazi hiyo. Familia ilihamia jiji la Fort Worth, na Februari 1922 Chester akajiua kwa bunduki nyumbani. Ben alikuwa na miaka tisa.

Mama yake, Clara, alibaki na watoto watatu na cherehani. Kaka mkubwa, Royal, aliacha shule akaanza kupeleka bidhaa za ofisini kwa baiskeli. Ben naye akawa anauza magazeti kwenye kituo cha treni baada ya masomo. Nyumba ile kila mtu alitafuta, hata mdogo.

Akiwa na miaka 11 alisikia kwamba kuna pesa nzuri kuliko za magazeti kwenye klabu ya gofu ya Glen Garden, umbali wa kilomita 11 hivi kutoka kwao. Kazi yenyewe ilikuwa ya kedi, yaani kijana wa kumbebea mchezaji mfuko wa fimbo. Makedi wakubwa hawakupenda sura mpya, na mgeni alilazimika kupigana ndio akubaliwe. Hogan alikuwa mdogo wa mwili. Alipigana, akabaki.

Kati ya makedi wale alikuwapo Byron Nelson, mvulana aliyezaliwa mwaka uleule wa 1912. Sam Snead naye, jina lingine kubwa la gofu, ni wa mwaka huohuo. Krismasi ya 1927 klabu iliandaa mashindano ya makedi. Hogan na Nelson walifungana, wakaongezwa mashimo, na Nelson akashinda kwa mkwaju mmoja. Baadaye klabu ikampa Nelson uanachama wa vijana. Hogan hakupewa. Alipotimiza miaka 16 kanuni ya klabu ikamtoa kabisa, kwa sababu makedi wa umri huo hawakuruhusiwa. Akahamia viwanja vya bei rahisi, vile vya nyasi chakavu ambavyo mtu yeyote analipa na kuingia.

Shule ya upili aliiacha muhula wa mwisho kabisa. (Usichukue hiyo kama ruhusa.) Januari 1930, miezi michache kabla ya kutimiza miaka 18, akajitangaza mchezaji wa kulipwa kwenye mashindano ya Texas Open, mjini San Antonio. Uchumi wa dunia ulikuwa umetoka tu kuanguka. Mazee, muda mbaya kuliko huo haukuwepo.

Miaka kumi ya kusota

Hapa ndipo stori nyingi za mafanikio huruka haraka. Mimi nataka tukae kidogo.

Tangu 1930 hadi mwanzoni mwa 1940, Hogan hakushinda hata mashindano moja peke yake. Ushindi wake pekee wa kipindi hicho ulikuwa wa 1938, mashindano ya wawili wawili akiwa na Vic Ghezzi. Zaidi ya mara moja aliishiwa kabisa, akarudi Texas kufanya vibarua, akakusanya nauli, akajaribu tena. Aprili 1935 alimwoa Valerie Fox, na kuanzia hapo msoto ukawa wa watu wawili ndani ya gari moja.

Shida haikuwa uvivu. Hogan alikuwa anafanya mazoezi tayari, na mengi. Shida ilikuwa mpira wenyewe. Kwa kuwa alikuwa na mwili mdogo, alizungusha fimbo kwa nguvu zote ili afikie wale warefu. Mpira ungeondoka vizuri, halafu angani unakata kushoto, unashuka chini kwa kasi na kukimbilia vichakani. Siku nzuri anaudhibiti. Siku ya presha unamtoroka. Mchezaji wa aina hiyo hawezi kujiamini, kwa sababu hajui leo ataamka na mkono gani.

Januari 1938, Hogan na Valerie walikuwa Oakland, California, pesa zikiwa karibu kwisha. Wamekubaliana kwamba zikiisha, wanarudi nyumbani na mambo ya gofu yanaishia hapo. Asubuhi ya raundi akatoka akakuta gari limeinuliwa juu ya mawe, magurudumu yameibwa. Akatafuta lifti, akafika uwanjani, akacheza vizuri kiasi cha kupata zawadi iliyowaweka barabarani. Mashindano lile hakushinda. Alipata tu pesa ya kuendelea kujaribu.

Na hakujinyanyua peke yake, hata kama ndivyo watu hupenda kusimulia. Marvin Leonard, mfanyabiashara wa Fort Worth aliyemjua tangu ujana, alimsaidia kwa mkopo. Henry Picard, mchezaji aliyekuwa tayari ameomoka, alimwahidi kwamba akikwama kabisa amtafute. Picard alimsaidia pia kurekebisha jinsi alivyoshika fimbo, mkono wa kushoto ukageuzwa kidogo ili mpira uache kukata. Hogan alipoandika kitabu chake cha kwanza, Power Golf, mwaka 1948, alikitolea kwa Picard.

Soma hapo tena. Miaka ya mazoezi, maelfu ya mipira, na bado alihitaji jicho la mtu mwingine limwonyeshe kosa liko wapi. Ukirudia kosa mara elfu kumi, unalipigia msumari tu.

Machi 1940, akiwa na miaka 27, akashinda Pinehurst, North Carolina. Kisha Greensboro. Kisha Asheville. Mashindano matatu mfululizo, baada ya ukame wa miaka kumi. Mwaka huo akamaliza akiwa mchezaji aliyepata pesa nyingi kuliko wote Marekani, na akarudia 1941 na 1942.

Uwanja wa mazoezi ukawa ofisi

Siku hizo mazoezi kwenye gofu hayakuwa kitu cha heshima. Wachezaji wengi wa kulipwa walipiga mipira michache kabla ya raundi, wakacheza, na jioni wakaenda kunywa na kucheza karata. Kukaa uwanjani jua likizama, unapiga mpira baada ya mpira peke yako, kulionekana kama dalili kwamba kipaji chako ni haba.

Hogan hakujali. Alimaliza raundi na kurudi moja kwa moja kwenye uwanja wa mazoezi, hata siku aliyocheza vizuri. Kidogo kidogo wenzake wakaanza kusimama pembeni kumwangalia. Leo kila klabu kubwa ina sehemu ya mazoezi, na kila bingwa hukaa huko masaa. Wanaoijua historia ya mchezo huu wengi humtaja Hogan kama mtu aliyefanya jambo hilo liwe la kawaida.

Jinsi alivyofanya ndiyo inayovutia. Wakati huo hakukuwa na vikapu vya mipira ya kukodi kama ilivyo sasa. Kila mchezaji alibeba mfuko wake wa mipira ya zamani. Kedi alitumwa asimame mbali uwanjani, na kazi yake ilikuwa kuokota kila mpira uliopigwa. Kwa hivyo kedi mwenyewe ndiye alikuwa shabaha. Kama anasogea hatua mbili, umekosea hatua mbili. Kama anakimbia, umeharibu. Kedi wa Hogan, wanaokumbuka husema, alikuwa na kazi nyepesi, mara nyingi aliinama tu palepale aliposimama.

Kila mpira ulikuwa na swali lake. Huu uende juu. Huu uwe chini ya upepo. Huu upinde kulia kidogo utue laini. Hakupiga ili ahesabu mipira 300 na kujisifu. Alipiga, akatazama, akafikiria, ndipo akavuta mwingine. Kama unafanya mazoezi ya kitu chochote, iwe ni gitaa, kodi za kompyuta ama mpira wa vikapu, unajua tofauti ya kurudia na kusikiliza. Hogan alikuwa anasikiliza.

Kupasha misuli ni kazi nyingine

Wengi huchanganya mambo mawili hapa: mazoezi na kupasha misuli. Maisha ya Hogan yanayatenganisha vizuri.

Mazoezi ni karakana. Unafungua injini, unatoa kipuri kibovu, unaweka kingine, mikono inachafuka. Unaweza kumaliza ukiwa unacheza vibaya kuliko ulivyoanza, na ni sawa, kwa sababu kesho upo. Hogan alifanya hayo jioni baada ya raundi, na nyumbani Fort Worth katikati ya mashindano.

Kupasha misuli ni kuwasha gari tayari kwa safari. Nusu saa kabla ya kuanza si wakati wa kufungua injini. Mwili unahitaji joto, mikono inahitaji mdundo, na wewe unahitaji kujua leo mpira wako una tabia gani. Ukiona unapinda kidogo kulia, leo unalenga kidogo kushoto na maisha yanaendelea. Matengenezo yatangoja jioni.

Ndiyo maana utaratibu ambao wachezaji wengi wa kulipwa hufuata hadi leo uko hivi: unaanza na fimbo fupi kwa mizunguko midogo, kwa sababu hazidai nguvu. Unapanda polepole hadi fimbo ndefu kabisa. Kisha unashuka tena, unapiga michache laini ya karibu na shimo, na unamalizia kwa kuputi, yaani kusukuma mpira taratibu uingie shimoni, ili ujue nyasi za siku hiyo zina kasi gani. Mtu anayeteremka kwenye gari na kuvuta fimbo ndefu kwanza, aipige kwa hasira ili marafiki waone, huanza raundi akiwa amekaza mgongo na hajui lolote.

Baada ya 1949, kwa Hogan kuwasha gari kulichukua muda mrefu kuliko kwa mtu mwingine yeyote uwanjani.

Basi kwenye ukungu

Vita vilimtoa kwenye mchezo kuanzia 1943 hadi 1945 akiwa jeshi la anga la Marekani. Aliporudi alikuwa moto. Mwaka 1946 alishinda mashindano 13, ikiwemo PGA Championship, taji lake kubwa la kwanza, akiwa na miaka 34. Mwaka 1948 alishinda 10, ikiwemo PGA tena na U.S. Open kule Riviera, Los Angeles. Mtoto wa magazeti sasa alikuwa kileleni.

Februari 2, 1949, yeye na Valerie walikuwa wanaendesha kurudi Fort Worth. Karibu na Van Horn, Texas, barabara ilimezwa na ukungu mzito. Wakiwa kwenye daraja, basi la kampuni ya Greyhound likatokea upande wao likijaribu kupita lori. Hakukuwa na pa kukimbilia. Hogan aliachia usukani akajitupa upande wa mkewe ili amkinge. Usukani ukasukumwa hadi kwenye kiti cha dereva. Kile kitendo cha kumkinga Valerie ndicho kilichomwokoa yeye pia.

Valerie alitoka na majeraha madogo. Ben alivunjika nyonga mara mbili, mfupa wa mtulinga, kifundo cha mguu wa kushoto na ubavu. Hospitalini El Paso alianza kupata nafuu, halafu madonge ya damu yakaanza kupanda kutoka miguuni kuelekea mapafu. Daktari bingwa, Alton Ochsner, aliletwa kwa ndege kutoka New Orleans, akaufunga mshipa mkuu unaorudisha damu ya miguu kwenye moyo ili madonge yasipite.

Upasuaji ule ulimpa uhai na ukamwachia deni. Damu ya miguu sasa ililazimika kutafuta njia za pembeni. Tangu siku hiyo hadi anakufa, miguu ya Hogan ilivimba na kuuma akisimama ama kutembea sana. Na gofu, kama hujui, ni kutembea kilomita kadhaa kila raundi.

Alitoka hospitalini Aprili 1. Akaanza kwa kutembea ndani ya nyumba, akiongeza mizunguko kila siku. Kisha nje, mtaani, hadi pale miguu inapokataa. Novemba akapiga mpira tena. Januari 1950 akaingia Los Angeles Open, akafungana na Sam Snead, kisha akashindwa kwenye raundi ya kuamua. Watu walishangilia kana kwamba ameshinda.

Mkwaju na kilichokuwa nyuma yake

Turudi Juni 1950, kule Merion. Asubuhi maji moto, bandeji, misuli imepashwa. Raundi ya kwanza ikapita. Alasiri, mashimo yakiwa yamebaki machache, alikuwa anaongoza, lakini miguu ikaanza kugoma. Uongozi ukayeyuka mkwaju mmoja baada ya mwingine. Alipofika shimo la 18, alihitaji mikwaju minne ili tu afungane na Lloyd Mangrum na George Fazio.

Mpira wa pili ulikuwa mbali. Akachomoa fimbo ya chuma namba 1, ambayo ni ngumu kuipiga hata mtu akiwa mzima, nyasi zikiwa nzuri na hana haraka. Yeye alikuwa amechoka shimo la 36 la siku, amesimama kwa miguu inayowaka, umati umemzunguka. Mpiga picha Hy Peskin alikuwa nyuma yake. Mpira ukapaa, ukatua palipotakiwa, karibu kiasi cha kuputi mara mbili. Akafungana. (Ile fimbo iliibwa siku hiyohiyo, na ikapatikana miongo kadhaa baadaye.)

Kesho yake, mashimo mengine 18 ya kuamua. Maji moto tena, bandeji tena. Hogan akamaliza kwa mikwaju 69, Mangrum 73, Fazio 75. Mangrum aliadhibiwa mikwaju miwili kwa kuinua mpira ili apulize mdudu aliyetua juu yake, lakini hata ukiiondoa adhabu hiyo, Hogan bado anashinda.

Tunasema huo ulikuwa mkwaju wa ajabu. Kwa mwili ule, ni kweli. Kwa mikono ile, hapana. Mikono ilikuwa imeupiga mkwaju huo mara nyingi kuliko inavyoweza kuhesabika, jioni, kedi mmoja akiwa mbali na hakuna mtu wa kupiga makofi.

Wiki mbili Uskoti

Kati ya mataji makubwa tisa ya maisha yake, sita aliyapata baada ya ajali. Alicheza mashindano machache tu kwa mwaka, kwa sababu miguu haikuruhusu mengi, na kila lile alilochagua alilijia akiwa amejiandaa kupita kiasi. Mwaka 1951 alishinda Masters na U.S. Open. Mwaka 1953 alicheza mashindano sita akashinda matano. Matatu kati ya hayo ni mataji makubwa: Masters, U.S. Open kule Oakmont, na British Open kule Carnoustie, Uskoti.

Carnoustie ndiyo inayoonyesha akili yake. Hakuwahi kucheza British Open kabla ya hapo, na hakurudi tena. Wakati ule mpira uliotumika Uingereza ulikuwa mdogo kidogo kuliko wa Marekani, kwa hivyo ulipaa kwa namna nyingine kwenye upepo. Ardhi ilikuwa ngumu, mpira ukitua unaendelea kukimbia. Baridi ilikuwa adui wa miguu yake.

Alifika wiki mbili mapema. Alijifunza mpira mdogo kwanza, halafu ardhi, halafu upepo. Alifanya mazoezi pia kwenye klabu jirani ya Panmure, mbali na macho ya watu. Siku ya mwisho, akiwa na homa, alicheza raundi mbili na kumaliza na 68, bora kuliko raundi zake zote za wiki hiyo: 73, 71, 70, 68. Kila raundi ilishinda iliyotangulia. Akashinda kwa mikwaju minne. Aliporudi nyumbani, New York ilimfanyia gwaride Broadway, karatasi zikinyesha kutoka madirishani.

Kile ambacho mazoezi hayakutibu

Tusimfanye malaika. Hogan alikuwa mtu mkimya, mkavu, asiyependa mazungumzo uwanjani. Waskoti walimpa jina la utani lenye barafu ndani yake. Yeye na Valerie hawakujaliwa watoto, na maisha yao yalizunguka kazi moja.

Na mwili ulimkumbusha kwamba una mipaka. Mwaka 1955 alikuwa karibu kuchukua U.S. Open yake ya tano, kisha Jack Fleck, mchezaji ambaye karibu hakuna aliyemjua, akafungana naye na kumpiga kwenye raundi ya kuamua. Fleck alikuwa anatumia fimbo zilizotengenezwa na kampuni ya Hogan mwenyewe. Miaka iliyofuata, mikono yake ilianza kuganda anapotaka kuputi mpira wa karibu kabisa. Mtu aliyeweza kutua mpira miguuni mwa kedi kutoka mbali, alisimama juu ya mpira wa hatua mbili na asiweze kuusukuma. Taji kubwa la kumi halikuja.

Mwaka 1957 aliandika Five Lessons pamoja na Herbert Warren Wind, kikiwa na michoro ya Anthony Ravielli. Kitabu hicho kinaanza na jinsi ya kushika fimbo, jambo lililomtesa miaka kumi, na bado watu wanajifunza nacho. Mashindano yake ya mwisho yalikuwa 1971 mjini Houston, alipojiondoa katikati ya raundi goti lilipomsumbua.

Ungedhani hapo angepumzika. Badala yake, kwa miaka mingi baadaye, wanachama wa klabu ya Shady Oaks, Fort Worth, walimwona mzee amevaa kofia yake nyeupe, mfuko wa mipira kando, yuko peke yake kwenye kona ya uwanja. Anapiga. Anatazama. Anafikiria. Anavuta mwingine. Hakukuwa na zawadi, kamera wala mpinzani. Alifariki Julai 25, 1997, akiwa na miaka 84.

Sasa wewe huenda hutawahi kushika fimbo ya gofu. Lakini una kitu unachokifanyia kazi gizani: mtihani, biashara, muziki, timu ya mtaani. Kama kinakataa, muulize mtu anayejua akuonyeshe unapokosea kabla hujarudia mara nyingine mia. Karakana ifungue siku ambayo hakuna mechi. Na siku ya mechi fika mapema, anza na fimbo fupi, uache mwili ukwambie leo una nini. Halafu cheza na hicho ulicho nacho.